Daftari langu la namba za corona 2020, wanafunzi wameniuliza maswali nimeshindwa kujibu

MwalimuWaLikoni ameandika:

Habari zenu jamani, naomba msaada kwa wanaojua mambo ya takwimu na afya. Mimi ni mwalimu wa hesabu sekondari, niko Likoni. 2020 shule zilipofungwa mwezi wa tatu nilikaa nyumbani sina la kufanya, basi kila alasiri waziri wa afya Kagwe au wenzake wakitoa taarifa kwenye tivi mimi nachukua daftari naandika. Nilipiga mistari kwa rula kabisa, safu ya tarehe, safu ya sampuli zilizopimwa saa 24 zilizopita, waliopatikana na virusi, waliopona, waliofariki. Nilianza siku ile ya mgonjwa wa kwanza, tarehe 13 Machi, nikaenda nayo hadi Januari 2021 shule zilipofunguliwa, daftari mbili zikajaa.

Juzi nilikuwa napanga sanduku nikaziona, nikasema hizi niziingize darasani, kidato cha tatu, maana tunafanya takwimu na mifano ya kitabuni imewachosha, kila siku embe na machungwa. Nikawagawia kurasa wakachora grafu ya waliopatikana kila siku. Sasa hapo ndipo maneno yalipoanza.

Kwanza grafu imetoka na meno kama msumeno. Inapanda katikati ya wiki, ikifika Jumapili na Jumatatu inashuka, halafu inapanda tena, wiki hadi wiki. Msichana mmoja akaniuliza, mwalimu kwani corona ilikuwa inapumzika wikendi? Darasa zima kimya wananiangalia mimi.

Pili kuna mvulana amesimama akasema babake amemwambia hizo namba zote zilikuwa za kupikwa, serikali ilikuwa inatafuta pesa za wafadhili, kwa hivyo tunapoteza wakati kuchora uongo. Sikutaka kumvunja moyo mtoto wala kumtukania mzazi wake, lakini pia sikuwa na jibu.

Tatu, kwenye daftari langu mwezi wa saba kuna siku nne mfululizo nimeandika 0. Na siku zilizotangulia na zilizofuata ni mamia! Watoto wameona grafu imetumbukia shimoni halafu ikatoka. Mimi mwenyewe nimetazama mwandiko wangu na sikumbuki.

Naombeni mnisaidie nirudi darasani Jumatano nikiwa na la kusema. Hawa watoto wakati ule walikuwa wadogo, wanakumbuka barakoa na kunawa mikono tu, lakini wameanza kuuliza maswali ya maana sana na sitaki kuwadanganya.

DadaWaMaabara:

Mwalimu salaam, na hongera kwa kutunza hayo madaftari, wengi wetu tuliokuwa ndani ya hiyo kazi hatukuandika hata ukurasa mmoja wa kwetu.

Mimi nilikuwa maabara (sitasema wapi) mwaka ule wote, ngoja nikupe njia ya sampuli moja uone hilo jino la msumeno linatoka wapi. Mtu anatiwa kijiti puani Ijumaa mchana. Kichupa kinafungwa, kinaandikwa jina na namba, kinawekwa kwenye boksi la barafu, kinangoja gari. Gari linapita vituo kadhaa ndo lifike maabara, sampuli nyingi za Pwani zilikuwa zinapelekwa Kilifi kwa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya. Zikifika zinapokelewa moja moja, fomu inalinganishwa na kichupa, na amini usiamini hapa ndo palikuwa panakula muda kuliko hata mashine, jina halisomeki, umri umeandikwa mahali pa namba ya simu. Halafu mashine haipimi moja moja, inapima kwa mafungu, unangoja fungu lijae. Kemikali zikiisha unangoja tena. Jibu likitoka linatumwa, linaingizwa, linajumlishwa na ya kaunti zingine, ndo waziri asome.

Kwa hiyo mtu aliyesomwa Jumanne kwenye tivi huenda homa ilimwanza wiki moja nyuma au zaidi. Wewe uliandika tarehe ya kutangazwa, si tarehe ya kuugua. Daftari lako linafuata kazi ya maabara na magari kwanza, virusi vinakuja nyuma yake. Na wikendi vituo vingi vya kuchukua sampuli vilikuwa na watu wachache, wengine wamefunga, ndo maana Jumapili na Jumatatu namba ziko chini. Mwambie huyo binti virusi havikuwa na mapumziko, sisi ndo tulipumzika kidogo na tulihitaji kweli.

Dawa yake ni rahisi na ni hesabu nzuri ya darasani. Wachukue siku saba, wajumlishe, wagawe kwa saba, waandike hiyo kwenye siku ya katikati. Kesho wasogee siku moja mbele wafanye tena. Kila fungu litakuwa na Jumapili moja na Jumatano moja kwa hiyo meno yanajisawazisha yenyewe na utaona mawimbi halisi.

La pili, na hili ndo nataka ulitilie mkazo kuliko yote. Safu yako ya sampuli ni dhahabu. Watu wengi walikuwa wanashika namba moja tu, leo wamepatikana wangapi, wakishaisikia wanazima tivi. Chukua mfano wa kubuni, Jumatatu wamepimwa 1,000 wakapatikana 50. Alhamisi wamepimwa 6,000 wakapatikana 300. Mtaani wanasema jamani imepanda mara sita! Kumbe zote mbili ni 5 kwa 100. Hakuna kilichopanda isipokuwa vijiti vya puani. Na kinyume chake kipo, ndo cha hatari zaidi, leo 300 na wiki ijayo 300, watu wanasema imetulia, kumbe sampuli zimeshuka kutoka 6,000 hadi 2,000, yaani umetoka 5 kwa 100 umefika 15 kwa 100, moto unawaka na namba imesimama palepale.

Kama unakumbuka tarehe 26 Machi 2021 rais Uhuru alipofunga Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, alichokitaja ni hicho hicho, kwamba kiwango kilikuwa kama 2 kwa 100 mwezi Januari na Machi kikafika 22 kwa 100. Ukifika huko 22 maana yake unapima wale walioelemewa tu, wengine wengi wako nje hujawaona. WHO, Shirika la Afya Duniani, walikuwa wanasema nchi ijitahidi kukaa chini ya 5 kwa 100 kabla ya kulegeza masharti.

Mwisho usisahau nani alikuwa anapimwa. Mei 2020 Eastleigh na Mji wa Kale pale Mombasa walipozuiwa kutoka na kuingia, wapimaji walikwenda kuwatafuta watu kwenye mitaa hiyo. Ukitafuta mahali utapata zaidi kuliko pale ambapo hujatafuta. Na upande wa pili watu wengi walikuwa wanakimbia kupimwa kwa sababu mwanzoni ukipatikana unapelekwa karantini na wengine walitakiwa kujilipia, mama mwenye watoto watano na kibanda cha mboga atakubali kweli kutiwa kijiti? Huyo hayumo kwenye daftari lako, mwalimu.

Kasuku_Mkavu:

Mimi nakubaliana na huyo mzazi, samahani. Corona ilikuwepo sikatai lakini namba zilipikwa. Mtu amegongwa na boda anaambiwa corona. Kila mtu mtaani kwetu ana hadithi hiyo. Na kwa nini majirani zetu Tanzania hawakuwa na namba na maisha yaliendelea?

KaraniWaMtuha:

Mkuu Kasuku ngoja nikujibu mimi niliyeko huku Tanzania, tena kazi yangu ndio hiyo hiyo ya namba, nipo zahanati natunza vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za huduma za afya.

Huku mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, aliingia kupitia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji, waziri Ummy Mwalimu ndiye alitangaza. Tukaendelea kupata taarifa mpaka mwishoni mwa Aprili na Zanzibar kidogo mwezi Mei, halafu basi. Wagonjwa 509, vifo 21. Hiyo 509 ilikaa hapo kwa zaidi ya mwaka mzima. Ilisimamishwa baada ya lile suala la vipimo kutiliwa shaka, sampuli za papai na mbuzi zilizodaiwa kukutwa na corona, wote mnakumbuka. Taarifa zilirudi 2021 baada ya rais Samia kuingia na kuunda kamati ya wataalamu.

Sasa fungua ramani yoyote ya wakati ule, ile ya chuo cha Johns Hopkins cha Marekani yenye maduara mekundu, unaona Tanzania kaduara kadogo na mstari umelala kama mto uliokauka. Mtu wa Ulaya akiangalia anasema hawa wamepona. Mtu wa huku akiangalia anasema tuliomba Mungu akasikia. Mimi simpingi mtu kwenye maombi, mimi mwenyewe niliomba. Ila mstari ule haukuwa unasema watu hawaugui, ulikuwa unasema hakuna aliyeleta karatasi.

Nikwambie kitu ambacho tunafundishwa siku ya kwanza ya kazi na bado watu wazima wanakosea kila mwezi. Kwenye fomu ya MTUHA kuna vyumba, kila ugonjwa na umri wake. Kama mwezi huu hujapata mtoto wa kuhara damu unaandika 0. Kama kitabu kimepotea, au mtumishi alikuwa likizo na hakuna aliyejaza, unaacha wazi na unatoa taarifa wilayani. Sifuri maana yake nilitazama sikuona. Wazi maana yake sikutazama. Ni vitu viwili tofauti kabisa kama mchana na usiku, lakini ukishavijumlisha kwenye kompyuta vinatoa jibu moja. Hata ile programu ya DHIS2 ambayo nchi zetu nyingi tunaitumia, hapa kwetu, Kenya, Uganda, kwa kawaida sifuri haitunzwi mpaka mpangaji aamuru itunzwe kwa kipengele hicho, kwa hiyo mtu wa juu akitazama anaweza asijue zahanati yangu ilikuwa salama au ilikuwa imefungwa.

Kwa hiyo kaka, kusema Tanzania haikuwa na namba na kusema Tanzania haikuwa na corona ni mambo mawili. Mimi 2021 mwanzoni nilikuwa najaza nimonia kwa watu wazima kwenye kitabu cha wagonjwa wa nje, mistari inafuatana, sikuwahi kuona hivyo toka nianze kazi. Sisemi wote walikuwa corona maana hatukuwapima. Ninachosema ni kwamba kitabu kilikuwa kinaongea hata kama safu ya corona haikuwepo. Mtu akitaka kujua siku zile asiangalie 509, aangalie nimonia, aangalie mitungi ya oksijeni ilivyokuwa inaisha haraka.

Mwalimu zile sifuri zako nne za mwezi wa saba zinanitia wasiwasi. Hebu kumbuka vizuri, ulikuwa wapi?

MuuguziUghaibuni:

Niko Uingereza mwaka wa kumi na moja sasa, nauguza wodi ya mapafu. Kwa wanaodhani namba zinaharibika Afrika tu naongeza yangu mawili upesi kabla sijaingia zamu.

Oktoba 2020 hapa England wagonjwa 15,841 walikosekana kwenye hesabu ya taifa kwa siku kama nane, tarehe 25 Septemba mpaka 2 Oktoba. Hakuna aliyeficha. Maabara zilikuwa zinatuma majibu, wakubwa wanayaingiza kwenye jedwali la Excel la aina ya zamani ambalo linabeba mistari 65,536 tu, ikizidi hapo inakatwa na kompyuta haisemi kitu. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao ila waliokaa nao karibu walichelewa kutafutwa. Halafu siku walipogundua wakayamwaga yote kwenye hesabu ya siku mbili, tatu, watu wakaona namba imeruka juu ghafla wakaingiwa na hofu. Grafu inaonesha mlipuko wa wikendi moja ambao haukuwepo.

Na hilo la Kasuku la kugongwa na boda, usimcheke, lina mzizi. Mwanzo England ilikuwa ukishapatikana na virusi hata mara moja halafu ukafa miezi mitatu baadaye kwa jambo lingine unahesabiwa. Agosti 2020 wakabadilisha, wakahesabu waliofariki ndani ya siku 28 toka kupimwa, na jumla ya Uingereza ikashuka kwa zaidi ya 5,000 kwa siku moja. Hakufufuka mtu. Ni maana ya neno ilibadilika. China nao Februari 2020 mkoa wa Hubei walipoamua kuhesabu na wale waliotambuliwa na daktari kwa picha ya mapafu bila kipimo, wagonjwa wakaongezeka karibu 15,000 kwa siku moja. Kwa hiyo mwalimu ukiona grafu inaruka au inatumbukia kama ukuta, kabla ya kuuliza ugonjwa umefanya nini uliza kwanza ofisini wamebadilisha nini.

Kasuku_Mkavu:

Sawa mmenijibu kwa heshima nashukuru. Lakini bado. Kama zilibadilika ovyo hivyo basi za nini? Na pesa za wafadhili?

TakwimuKidogo:

Kasuku swali lako ni zuri na kuna njia ya kulipima badala ya kubishana.

Kama namba za Kenya zilipikwa ili zionekane kubwa, basi ukitafuta virusi kwa njia nyingine ambayo haipiti kwa waziri ungekuta kidogo kuliko zilizotangazwa, sivyo? Watafiti wa KEMRI-Wellcome kule Kilifi walifanya hivyo. Walichukua mabaki ya damu ya watu waliojitolea damu, kutoka mwisho wa Aprili hadi katikati ya Juni 2020, watu 3,098 wa miaka 15 hadi 64. Hawa hawakuja kupimwa corona, walikuja kutoa damu kwa ajili ya kina mama wanaojifungua na watoto wenye malaria. Wakatafuta kinga ya corona kwenye hiyo damu. Baada ya kusawazisha umri na kaunti na makosa ya kipimo wakapata kama 4.3 kwa 100 nchi nzima. Mombasa 8, Nairobi 7.3, Kisumu 5.5.

Sasa piga hesabu. Mwanzoni mwa Juni waliotangazwa walikuwa kama 2,000 na vifo kama 70. 4.3 kwa 100 ya Wakenya wa umri huo peke yao ni zaidi ya milioni moja. Milioni moja dhidi ya elfu mbili! Kama kuna mpishi jikoni basi alikuwa anapunguza chumvi. Ila mimi sidhani hata kulikuwa na mpishi, ni kwamba vijiti vya puani vilikuwa vichache na wengi hasa vijana walipita nayo bila kujua.

Na hapo ndo utaona kwa nini kugawa vifo kwa waliopatikana kunapotosha. Kenya hadi sasa iko kwenye vifo 5,689 kwa wagonjwa kama 344,000 waliothibitishwa, inatoka kidogo chini ya 2 kwa 100. Lakini namba ya chini, ile 344,000, si walioambukizwa, ni waliokamatwa na kipimo. Hata ile ya juu, ya vifo, nayo ina mashaka yake. Na usilinganishe moja kwa moja na Italia, Wakenya wenye miaka 65 kwenda juu hawafiki 5 kwa 100, Italia ni zaidi ya 20. Ugonjwa unaoua wazee ukikuta nchi ya vijana utaonekana mpole hata kama mzee mmoja mmoja anaumia vilevile.

Za nini basi? Kama zinahesabiwa kwa njia ileile wiki hii na wiki ijayo, unajua inapanda au inashuka, hospitali inajua iandae vitanda vingapi. Hilo tu ni kubwa. Mizani ya sokoni ikiwa inazidisha nusu kilo kila siku bado itakwambia leo gunia ni zito kuliko jana. Shida ni pale mizani inapobadilishwa na hujaambiwa.

KijanaWaVoi:

Nimesoma yote toka juu. Sikutaka kuandika lakini nimeshindwa.

Baba yangu alifariki Agosti 2021. Alianza na kikohozi siku ya Jumatatu, Alhamisi hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika. Tulimpeleka hospitali moja tukaambiwa vitanda vimejaa na hakuna kipimo siku hiyo turudi kesho. Tukarudi naye nyumbani. Alfajiri akatutoka. Tukaenda kwa naibu wa chifu kuchukua kibali cha mazishi, akauliza alikuwa anaumwa nini, mama akasema kifua. Akaandika homa ya mapafu. Tukazika siku ileile jioni.

Nauliza kwa dhati. Kwenye hiyo 5,689 baba yangu yumo?

TakwimuKidogo:

Pole sana ndugu yangu, Mungu amrehemu mzee na awape nguvu nyote.

Sitakuficha. Kwenye 5,689 hayumo, kwa sababu hiyo ni ya waliopimwa na jibu likarekodiwa. Lakini kuna hesabu nyingine ambayo inamfikia. Inaitwa vifo vya ziada. Haijali kilichoandikwa kwenye cheti. Inachukua vifo vyote vya mahali, vya sababu yoyote, miaka ya kawaida, inasema mwezi wa Agosti hapa huwa wanafariki watu kadhaa, halafu inatazama mwaka wa janga walifariki wangapi. Vile vilivyozidi ndo vinaulizwa. WHO walitoa hesabu hiyo Mei 2022, kwa 2020 na 2021 dunia ilikuwa imeripoti vifo milioni 5.4 vya corona, vya ziada wakakadiria milioni 14.9. Karibu mara tatu.

Kile kibali alichoandika naibu wa chifu ndo mlango wa kuingilia kwenye hesabu hiyo, kama kilifika kwa msajili wa vifo. Tatizo la bara letu ni kwamba nchi nyingi vifo vya nyumbani haviandikishwi vyote kwa hiyo hatuna hata hiyo miaka ya kawaida ya kulinganishia, ndo maana sehemu kubwa ya Afrika kwenye makadirio yale ilijazwa kwa hesabu za kukisia kutoka nchi nyingine.

Zambia kuna madaktari walijaribu njia nyingine ngumu zaidi. Lusaka, Juni hadi Septemba 2020, walikwenda mochari ya University Teaching Hospital, wakapima maiti zilizoletwa pale bila kujali zimekufa kwa nini. Kati ya 364, virusi vilikutwa kwa 58, na wakihesabu hata vile vilivyokuwa hafifu 70. Yaani kati ya watu 16 na 19 katika kila 100. Wengi walifia nyumbani, na wale waliofia nyumbani hakuna hata mmoja aliyekuwa amepimwa akiwa hai. Hao wote ni baba zako, ndugu yangu. Watu walidhani Zambia imeepuka, kumbe maiti zilikuwa zinapita bila kuulizwa.

DadaWaMaabara:

KijanaWaVoi pole sana. Ile siku mliyoambiwa hakuna kipimo, sisi upande wa pili tulikuwa tunajua kuna watu wanarudishwa na hatukuwa na la kufanya. Nimekaa na hilo muda mrefu. Pole mama pia.

KijanaWaVoi:

Ahsanteni. Cheti tulikuja kukichukua kwa msajili mwaka uliofuata kwa ajili ya mambo ya shamba, kwa hiyo naona amehesabiwa mahali. Nitamwambia mama.

MwalimuWaLikoni:

Jamani nimerudi, ni Jumatano usiku, miguu inauma lakini lazima niwaambie.

Tumefanya wastani wa siku saba. Nimewagawa vikundi, kila kikundi mwezi mmoja, halafu tukabandika karatasi ukutani zikifuatana. Meno yameisha! Limebaki wimbi moja la Julai na Agosti, likashuka, halafu lingine la Oktoba na Novemba. Wamekaa kimya wanatazama, kisha wakaanza kuoneshana, hapa ndo tulikuwa kwa nyanya, hapa ndo darasa la nne waliitwa kurudi shule. Kikundi kimoja kikagawa waliopatikana kwa sampuli wakachora mstari wa pili kwa kalamu nyekundu, na kuna mahali mstari wa kwanza umelala na mwekundu unapanda, kama alivyosema Dada wa Maabara. Nikawaacha wabishane wenyewe ule mwekundu unasema nini.

Yule mvulana nilimpa ile hesabu ya damu ya Kilifi aipige mwenyewe ubaoni. Alipofika milioni moja na ushee akageuka akanitazama. Amesema atampelekea babake. Sikuongeza neno.

Sasa zile sifuri nne. KaraniWaMtuha umenikosesha usingizi. Nimekumbuka. Nilikuwa Kwale kwenye matanga ya shangazi yangu. Kule hakukuwa na tivi wala sikuwa na hamu ya kuuliza habari. Niliporudi nikakuta siku nne hazina kitu, na kwa vile nilipenda safu zangu zijae nikatia 0, 0, 0, 0, nikaendelea. Miaka yote hii daftari langu linasema siku nilizokuwa kwenye msiba hakuna Mkenya aliyeugua.

Nimewaeleza watoto ukweli wote. Msichana yule wa kwanza akauliza, na shangazi yako mwalimu aliugua nini? Nikamwambia kifua. Akaniuliza alipimwa? Nikamwambia hapana.

Karani nikuulize, hizo nne nifanyeje sasa? Nifute au nitafute namba zenyewe nijaze?

KaraniWaMtuha:

Pole na msiba dada, hata kama ni wa zamani.

Usifute kwa ufutio. Piga mstari mmoja juu ya kila sifuri ili iendelee kusomeka, pembeni andika "sikuwepo", tia tarehe ya leo na sahihi yako. Ndivyo tunavyofanya huku kitabu kikikosewa. Zile namba za kweli za siku hizo zipo, wizara ilikuwa inatoa taarifa kila siku, mtume mwanafunzi mmoja azitafute aziandike kwa kalamu ya rangi nyingine, na aandike pembeni amezitoa wapi. Kisha warudie wastani wa mwezi wa saba, kile kikundi chenye Julai wastani wao wote wa siku kumi hivi umekaa chini kuliko ilivyotakiwa.

MwalimuWaLikoni:

Siku kumi kweli, nimehesabu. Kesho kipindi cha pili.